Kidole Kimoja Nyuma ya Fimbo

Tarehe tatu mwezi wa kumi na moja, Jumapili, siku ya Mungu. Asubuhi kule Shasha ukungu ulifunika ziwa, hata mitumbwi ya karibu haikuonekana, ilisikika tu. Sasa niko nyumbani Muheto, saa kumi na moja ya mangaribi, na mvua inapiga mabati kama muntu anayetaka kufunguliwa.

Jules, Espoir, daftari hii ni yenu. Niliwaahidi siku ile nilipowaachia, ninyi wanafunzi wangu, funguo za atelie, karakana yetu ya gitaa, na tangu siku ile nimeanza mara ine na kupasua karatasi mara ine. Mimi si muntu wa kuandika. Nilisoma mupaka mwaka wa tano wa primeri, na maneno mengine nayaandika vile ninavyoyasikia. Mukiona kosa, sahihisheni. Mukiona uongo, niambieni nikiwa hai.

Nisingeandika leo kama si jambo la Riziki. Lakini ili mulielewe lazima nianze na fimbo, na fimbo ilianza Walikale.

Nilifika Walikale nikiwa kijana, niko juu ya lori pamoja na magunia ya maharagi ya kwetu. Nilitaka kuyauza na kurudi na mafuta ya mawese. Lori likakufa, na mashini yake ikakaa chini siku tisa. Mbele ya mahali pale kulikuwa atelie ya Muzee Kiroba, aliyefanyiza gitaa za besi za makanisa. Siku ya pili aliniona nimekaa bure, akasema, "Wewe, shika ubao huu hapa." Nikashika. Niliuachilia miaka ine baadaye.

Kabla ya kunipa kazi ingine alinikamata mukono wa kushoto, akaulaza juu ya ukuta wa udongo, akauzungusha mustari na makala, yale makaa ya jiko. Ukuta wote ulijaa mikono namna ile: ya wawindaji, ya walimu, ya pasta mumoja aliyekatwa kidole. Muzee hakufanyizia besi muntu ambaye hakuona mukono wake. Kila shingo aliichonga kufuata mukono ule, si mwingine.

"Lakini mimi sitanunua gitaa, Muzee."

"Sikukuuliza kama utanunua. Nataka kujua kitu gani kimeingia kwangu."

Vyombo vyake vilikuwa vichache: misumeno miwili, randa iliyofungwa na waya, na kisu alichokitoa katika chuma cha springi ya gari. Tumbo la besi lilikuwa libuyu, shingo muti wa muvula. Ngazi, vile vyuma vinavyokata shingo ili kidole kijue mahali pa kukanyaga, tulizitoa katika mbavu za miavuli. Walikale mvua hainyimi muntu kitu. Kila wiki kulikuwa mwavuli uliokufa mahali fulani, na sisi njo tulikuwa warithi. Kamba zilikuwa waya za freni za velo, yaani baisikeli, na ile nene kabisa ilitoka kwa embreyaji, ile klachi ya pikipiki. Zilikata vidole. Wapigaji wa wakati ule ulikuwa unawajua kwa kuwasalimia.

Halafu fimbo. Ni ile munaijua, ao tuseme ni mama yake. Imekatwa alama, moja kwa kila ngazi. Unailaza juu ya shingo, unapiga alama, umemaliza. Lakini shevale, kale kamuti kanakobeba kamba juu ya tumbo, Muzee hakukaweka palepale fimbo inapoishia. Aliweka kidole chake kidogo mwisho wa fimbo, akaacha upana wake, njo akapiga alama nyuma yake. Nilimuona akifanya vile labda mara mia. Hakusema sababu. Mimi sikuuliza. Nilikuwa nakula kwake, na muntu anayekula kwa mwenzake haulizi-ulizi. Hivyo njo nilifikiri.

Siku ya kuondoka alinikubalia nikate fimbo yangu juu ya yake. Nilikata siku nzima, polepole, jasho linanitoka mikononi. Nikarudi Muheto na fimbo, na kisu, na kidole.

Miaka iliyofuata munajua sehemu kubwa, tuliifanya pamoja. Nitaweka mambo mawili tu.

Kwanza ni besi ya kanisa la Kirotshe. Niliitengeneza na mbao iliyokaa miezi miwili, sababu korali, kwaya yao, ilikuwa na haraka na mimi niliona aibu kukataa. Hewa ya ziwa iliingia ndani, shingo ikajikunja kama muntu anayeangalia nani anamufuata. Niliwafanyizia ingine. Mbao ikae mwaka. Kama hamuna mwaka, museme hamuna.

Pili ni askari wa bariyeri, kizuizi cha njiani. Alishika sanduku la besi, akarudi nyuma hatua tatu, akaniambia nifungue polepole. Nikafungua. Akaangalia muda murefu.

"Piga."

Nikapiga vile ninavyojua.

"Pita, Papa. Hii haiui muntu. Labda masikio."

Alisema kweli. Mimi ninafanyiza, sipigi. Nikijaribu besi, napiga ngazi tatu za kwanza, kule karibu na kichwa, kamba zote ine, basi. Huko juu karibu na tumbo vidole vyangu havijui njia. Hamukunicheka hata siku moja, nawashukuru. Lakini pengine mungenicheka, ingekuwa dawa.

Kisha kamba za dukani zikaanza kutufikia kutoka Goma. Nzuri, laini, zinalala karibu na shingo, hazikati muntu. Korali zikafurahi, mimi pia. Waya za freni nikaziachia wenye velo. Fimbo ikabaki ileile, na kidole kilekile.

Sasa Riziki. Ni mama wa Shasha, anauzisha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Alipiga besi katika korali ya kanisa lao tangu alipokuwa binti, na besi ile ya zamani ilikuwa ya waya za freni. Miaka miwili iliyopita walitaka mupya, nikawapelekea, na kamba za dukani. Wiki chache nyuma yake Papa Dezire, mukubwa wa korali, akaniita. Sauti ya besi haikupatana na waimbaji. Alitaka kujua kama ni chombo ao ni muntu.

Nilikuta wamekaa wote, korali na komite. Riziki alikuwa amesimama na besi.

"Papa Bauma," akaniambia, "huku chini iko sawa. Shida iko juu. Nikipanda, sauti inabaki nyuma yangu."

Nilichukua besi. Nikapiga ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zilikuwa safi. Watu wote walikuwa wanaangalia vidole vyangu. Nilijua kinachofuata ni kupanda juu, kule Riziki alikosema. Nikamukumbuka yule askari. Nikamurudishia besi, nikasema nimesimama, mbele ya wote:

"Chombo kiko sawa. Ni mikono."

Lazima niwe wa haki kwa Papa Dezire. Aliniuliza mara mbili: "Papa, una hakika?" Mara mbili nikasema ndiyo. Alimupa besi mwanaume mwingine ambaye hapandi juu kabisa, na kweli, mikononi mwake hakuna aliyesikia kosa. Watu wakasema, munaona. Riziki akaenda kukaa kwenye banki ya mwisho, lile benchi karibu na mulango, na hapo njo alibaki.

Ile mangaribi niliandika katika daftari yangu ndogo. Wiki ile nyingine nimeitafuta, nimeipata. Maneno ni haya, sikugeuza hata moja: "Shasha. Besi imeonekana nzuri. Sikupanda juu."

Basi nilijua. Sitaki museme Papa alikuwa hajui.

Mwezi uliopita, Jules, ulikuwa unalaza fimbo juu ya shingo ya kwanza ya kwenu wenyewe, bila mimi. Nilikuja kukaa tu, vile wazee wanakujaka kusumbua. Ukaweka kidole chako, ukasimama.

"Papa, kidole hiki ni cha nini?"

"Njo vile inafanyikaka."

"Njo vile, lakini sababu gani?"

Wewe Espoir ulicheka: "Jules, utamuua Papa na maswali, na anapumzika juzi tu."

Niliangalia kidole chako mwisho wa fimbo na nikaona changu nimekiweka pale maisha yangu yote kama muntu anayevua kofia mbele ya nyumba bila kujua ni ya nani. Ukachukua besi iliyokuwa imekwisha, juu ya meza, ukafungua ile programu ya telefone inayosikiliza sauti. Ngazi ya tatu, mushale wake ulisimama wima. Ya saba, ukaegemea kushoto kidogo. Ya kumi na mbili, ukalala kama mulevi. Sauti ilikuwa chini kuliko mahali pake. Ilibaki nyuma. Ni neno la Riziki kabisa.

Uliniangalia, ukazima telefone. Nilikushukuru kwa moyo, na tena nilikukasirikia.

Siku tatu sikula vizuri. Nilimwambia Mama Neema, bibi yangu wa ndoa munayemujua, ambaye hajui besi na hataki kuijua. Alikuwa anamenya viazi. Akasema bila kuinua macho:

"Kama fimbo ya Muzee ni mbaya, kosa ni yake. Kama mukono wako ni mubaya, kosa ni yako. Ukiendelea kukaa hapa, kosa itabaki ya Riziki."

Wiki ile njia ilikuwa wazi. Nikapata pikipiki mupaka Walikale, siku mbili katika matope, fimbo yangu imefungwa katika kitenge cha Mama Neema. Kila bariyeri ni ileile:

"Hiyo nini?"

"Fimbo."

"Ya kupiga nani?"

"Bado sijajua."

Nitaandika kitu cha aibu, sababu kama nitakiacha daftari haitakuwa ya haki. Njia nzima nilikuwa naomba fimbo ya Muzee ionekane mbaya. Muzee amekwisha kufa, kosa haiwezi kumuumiza. Na ikionekana yake, nitaenda Shasha kama muntu aliyedanganywa, si kama muntu aliyedanganya.

Atelie sasa ni ya Sifa, binti yake. Wakati wangu alikuwa mutoto wa kupiga randa kwenye kona. Leo ni mama munene, miwani imefungwa na kamba ya nailoni nyuma ya kichwa, na watu wanatoka mbali kwa ajili ya besi zake. Nilimukuta na muteja. Alikuwa amelaza mukono wa yule mwanaume juu ya ukuta, anauzungusha na makala.

"Unapandaka juu?" alimuuliza.

"Kidogo."

"Kidogo ya kweli ao ya adabu?"

Muteja akacheka, akakubali kwamba anapanda sana.

"Kamba gani utaweka?"

"Za dukani."

Sifa akageukia besi iliyokuwa mezani, ya muntu mwingine, nayo ya kamba za dukani. Akalaza fimbo ya baba yake. Mwisho wa fimbo hakuweka kidole. Aliweka ncha ya ukucha tu, akapiga alama.

Muteja alipotoka, nilifungua kitenge. Tukalaza fimbo mbili pamoja, yangu na ya Muzee. Sifa alipitisha kidole kwenye alama moja moja, kutoka kichwa mupaka mwisho.

"Ziko sawa," akasema. "Ulikata vizuri, Papa Bauma. Baba hangeweza kusema vile, lakini mimi nasema."

Nilifurahi. Nilifurahi kabisa, kama mujinga, muda wa kupumua mara mbili. Kisha nikaelewa kwamba kama fimbo ni nzuri, kinachobaki ni kidole, na kidole nilikibeba mwenyewe.

Nikamuuliza kilikuwa cha nini.

"Waya ya freni ni ngumu, tena inakaa juu. Ukiikanyaga unaivuta, na sauti inapanda kuliko unavyotaka. Kidole ni cha kuirudisha chini. Hii ya dukani haina kiburi, unaigusa inakubali. Ukiipa kidole kizima, unaishusha bure."

"Muzee hakuniambia."

"Hakukuambia. Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Mimi nilimuuliza. Alinipiga na ubao, kisha akanieleza." Akatengeneza miwani. "Ulikuwa ubao mudogo."

Nikamuuliza tena, sababu sikuweza kuacha: basi kosa ni ya Muzee aliyenyamaza, ao yangu niliyenyamaza?

"Papa Bauma, ulikula matope siku mbili kwa kutafuta mwenye kosa? Toa shevale, uisogeze mbele. Ni kazi ya nusu siku." Halafu akanipeleka kwenye ukuta. Mukono wangu ulikuwa pale bado, umefifia, katikati ya muwindaji na pasta. Mukono wa Muzee uko juu yake. Sifa alipima vidole vidogo viwili na kipande cha muti. "Na tena," akasema, "kidole chako kinene kuliko cha Baba."

Jana Jumamosi, siku ya posho, nilishuka Shasha. Nilimukuta Riziki kwenye ziwa anageuza sambaza juu ya nyavu za kuanikia. Nilimueleza yote, fimbo, kamba, Sifa. Nilieleza sana. Hakuacha kugeuza samaki.

"Papa, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Miaka miwili nimekuwa naimba na mukono juu ya sikio, nijisikie mwenyewe. Nilifikiri masikio yangu yanakufa. Nilienda hata kuonyesha daktari wa Kirotshe, akaona hakuna kitu. Nikasema basi, ni mikono, Papa Bauma amesema." Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Wewe ulilisema neno lile umesimama. Usije kuliondoa umechutama hapa kwenye samaki zangu."

Papa Dezire alinifungulia kanisa. Nilibandua shevale na kisu na maji ya moto, nikaisogeza mbele, nikaacha ncha ya ukucha, kole, ile gundi, ikakauka usiku. Leo asubuhi, kabla ya watu kufika, nilichukua telefone yako uliyoniazima, Jules, nikapanda juu. Polepole, vibaya, kidole kimoja kimoja, mupaka ngazi ya kumi na mbili. Mushale ulisimama. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilifika huko.

Wakati wa matangazo Papa Dezire aliniita mbele. Nilishika banki. Nilisema hivi, sikuandika mbele, lakini nakumbuka vizuri: "Miaka miwili iliyopita nilisimama hapa nikasema ni mikono. Sikupanda juu kujaribu. Niliogopa mucheke vile ninavyopiga. Chombo hakikuwa sawa, na ni mimi nilikifanyiza. Mikono ya Riziki haikuwa na kosa."

Mutoto mumoja alikohoa. Papa Dezire alisimama, akasema yeye pia aliuliza fundi na hakuuliza masikio yake mwenyewe, na akamuomba Riziki aje.

Alikuja kutoka banki ya mwisho, bila haraka. Akavaa besi. Wakaanza wimbo, naye akabaki chini, kwenye ngazi za kwanza, beti nzima, mupaka nikaanza kuogopa kwamba hatapanda tena. Kwenye beti ya pili akapanda. Alifika kule juu karibu na tumbo na akabaki pale, sauti moja, ndefu, waimbaji wakamungojea. Haikubaki nyuma. Hakuniangalia.

Nyuma ya ibada Papa Dezire alimuuliza kama atarudi katika korali. "Nitawaza, Papa," akasema. "Nina samaki ya kuanika."

Nilikuwa nimebeba ubao wa muvula na makala. Nikamuomba aweke mukono wa kushoto.

"Ya nini?"

"Besi ya mukono wako. Jules na Espoir watachonga, si mimi."

"Sasa njo mumeanza kupima mikono?"

"Tulipaswa kupima zamani."

Alifikiri. Kisha akaulaza, vidole vimefunguka, vina magamba madogo ya sambaza. Nikauzungusha. Ubao uko kwenye meza ya atelie, mutauona kesho. Karibu na kidole kidogo mustari unatetemeka. Musichonge kufuata pale. Ni mukono wangu, si wake.

Kesho kutwa tunaanza kusogeza shevale, kwanza ya besi ya Kirotshe, kisha zingine zote za kamba za dukani. Majina nimeyaandika kwenye karatasi ya mwisho. Mutapanda juu kila moja, mupaka mwisho wa shingo, mbele ya mwenyewe. Mukipiga vibaya, mupige vibaya.

Wakati wa kupanda pikipiki Riziki alinirushia furushi ya sambaza bila kusema za nini. Mama Neema amezikaanga na nyanya na vitunguu, tumekula na bugali, sisi wawili tu, mvua bado inanyesha. Aliniuliza kama zimepata chumvi. Nikamwambia zimepata. Nimekula na vichwa.